Dawa ya Rangi ya Chai

Halima aliuleta mkebe ule Jumatano asubuhi, akauweka mezani kwangu kati ya birika na sahani ya mihogo, akasema nyumbani kwao wote wameshindwa kujua ni kitu gani. Halima ni mjukuu wa Bi. Mwantumu wa Kwamsisi, aliyefariki mwezi uliopita, na mimi sikuweza kwenda mazikoni kwa sababu ya magoti yangu haya. Ndani ya mkebe kulikuwa na kipande cha kaniki kilichokunjwa mara nne, na ndani ya kaniki kulikuwa na filamu moja ya bapa, ukubwa wa kadi ya posta. Vijana wa kwao walikuwa wameiinua dirishani mmoja baada ya mwingine, wakaona plastiki tupu yenye ukungu. Mmoja akasema ni kifuniko cha redio ya zamani. Lakini bibi alikuwa ameacha maagizo kwamba mkebe uletwe kwangu Korogwe, na kuna neno aliloagiza niletewe pamoja nao. Halima alitaka kulisema. Nilimkatiza. Nina tabia hiyo, wanangu wanaijua na marehemu mume wangu aliilalamikia mpaka mwisho. Nilimwambia anywe chai kwanza, halafu mimi ndiye nitakayeeleza, kwa kuwa kitu kile ninakijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Niliogopa, kusema kweli. Niliogopa neno lenyewe lisije likawa lile nililolitarajia tangu nikiwa na miaka ishirini.

Mwaka huo watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa nafanya kazi katika studio ya Fundi Yohana hapa Korogwe. Fundi alikuwa Msambaa wa milimani, Mlutheri, mtu mrefu wa maneno machache kupita kiasi. Alinichukua kwa sababu nilikuwa nimepata kupima dawa kwenye zahanati na mikono yangu haikutetemeka. Studio ilikuwa na vyumba viwili na kiambaza cha matope: chumba cha mbele chenye pazia lililochorwa ziwa na bata, na chumba cha giza nyuma, kilichopakana na jiko la mke wake, Mama Eliza. Ukiwa gizani humo ulinusa dawa ya picha inayowasha pua kama siki, na juu yake harufu ya ndizi mshare zinazochemka na maharage. Na ulisikia kila kitu. Wanawake waliokuja kuomba moto kwa Mama Eliza hawakujua kuwa nimesimama upande wa pili wa matope, kwa hiyo nilisikia nani amehamishwa, nani amebomoa nyumba yake mwenyewe kabla hajaambiwa, nani anasema kijiji kipya kina maji na nani anasema hakina hata kivuli. Mmoja alisifu na mwingine alilalamika, na mara nyingi alikuwa mtu yule yule, asubuhi hivi na jioni vile. Nilijaribu kuamua nani yuko sahihi nikashindwa. Sikuwa peke yangu, ingawa wakati ule nilidhani niko peke yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kamera kubwa ya Fundi haikutumia filamu ya kuzungusha. Ilitumia filamu za bapa, moja moja, kila picha na kipande chake. Filamu hizo husafishwa katika giza totoro, hata taa nyekundu hairuhusiwi. Kwa hiyo unafanya kazi kwa vidole. Pembeni mwa filamu kuna kata ndogo, pengo la kupapasa, na kidole kikiiona kata hiyo juu mkono wa kulia, unajua upande wa picha unakutazama. Unaitumbukiza kwenye beseni la dawa, unaliinua beseni upande huu, unalishusha, unainua upande ule. Muda Fundi aliupima kwa wimbo wa kanisani, beti zote, mara tatu, kwa sauti ya chini puani. Mimi wimbo huo sikuujua na sikutaka kuujua, basi nilipima kwa tasbihi yangu, nikiivuta kwa mkono mmoja huku mwingine unatikisa beseni. Mizunguko mitano, subhana Allah moja kwa kila punje, bila haraka. Fundi aligundua. Siku ya pili nilikuta amepigilia msumari karibu na beseni, mahali pa kuitundika tasbihi isilowe.

Dawa ilikuja katika chupa, nzito kama asali. Ulipima kidogo ukachanganya na maji mengi, ukasafishia filamu, kisha Fundi alikwambia: mwaga. Kila mara. Hata kama umesafisha filamu moja tu, na dawa bado imejaa beseni, na kwa macho haina kasoro, mwaga. Tuliimwaga nyuma ya uzio, mahali ambapo hapakuota hata magugu. Kila nilipoimwaga roho iliniuma. Mwaka ule kila mkutano tuliambiwa tusipoteze kitu, sukari ilikuwa inapotea dukani wiki nzima, chupa za dawa zilitoka Dar es Salaam zikija pale zinapotaka, na mimi nachukua beseni zima namwagia ardhi. Nilimuuliza Fundi kwa nini. Akasema, “Imeshafanya kazi yake.” Basi, hayo ndiyo maelezo yote niliyopewa.

Sasa fikiria mtu aliyekulia kwenye maziwa ya mgando. Kwetu Misima kibuyu cha mtindi hakioshwi kikatakata. Unaacha maziwa kidogo ya jana chini, unamimina mapya, na yale ya jana ndiyo yanayoyafundisha mapya kazi. Bila ya jana huna mtindi, una maziwa yaliyoharibika. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo kuhusu vitu vinavyogeuka. Nikaanza kuweka akiba. Kila nilipokwenda kumwaga nilibakiza kikombe kimoja, nikakitia kwenye chupa ya sharubati niliyoificha chini ya meza nyuma ya ndoo. Baada ya siku chache ile dawa, ambayo ilianza kama maji, ikawa na rangi ya chai nyepesi, halafu ya chai iliyoiva. Nilifurahi. Nilijua inakolea. Nikaijaribu kwa kipande cha karatasi ya picha kilichokwisha kupigwa na mwanga, kikageuka cheusi, polepole lakini cheusi kweli. Nikaona Fundi, pamoja na ufundi wake wote, hajui anachokimwaga, na siku moja nitamwonyesha. Nikikumbuka kiburi kile leo nacheka, halafu kicheko kinaniganda.

Katikati ya mwaka gari la wilaya lilikuja kutuchukua kwenda upande wa Kwamsisi, kupiga picha kiwanja cha kijiji kipya na viongozi wakiwa wamesimama mbele ya mabango. Fundi alibeba filamu nne, ndizo alizokuwa nazo. Tatu zilikuwa za viongozi. Wakati wakipanga safu zao, mimi niliomba maji katika boma la jirani, na huko nikamkuta Bi. Mwantumu akipepeta mtama. Alinipa maji, akanipa na bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu bila kuniuliza kama nina njaa, na akaniuliza kama kile chombo cha miguu mitatu kinaweza kumpiga mtu mzee asiyependa kupigwa. Mume wake, Mzee Mhina, hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Alikuwa amekonda, anakohoa, na wiki chache zilizofuata walitakiwa wahamie kiwanjani. “Nataka nibaki naye,” Bi. Mwantumu aliniambia, kama anayetaja chumvi. Nikamwambia, “Utampata, bibi. Mimi mwenyewe nitakuletea.” Hivyo ndivyo nilivyoahidi, kabla hata sijamwomba Fundi ile filamu ya nne.

Fundi alikubali. Mzee alichukua muda kukubali. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, kofia kichwani, fimbo mkono wa kulia, akakataa kutazama kamera. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kabla hajaitikia. Alikuwa na masharti mawili. “Nipigeni hapa hapa kwangu. Huko mnakokusema mimi sitakuwepo.” Na la pili, picha isitundikwe ukutani watu wakaja kumtazama kama mbuzi mnadani. Bi. Mwantumu alisimama nyuma ya Fundi na mikono kifuani muda wote huo, na Fundi alipofunga kamera alishusha pumzi ndefu nikaisikia.

Tuliporudi Korogwe Fundi alishikwa na malaria. Alilala chumbani kwake, upande wa pili wa kiambaza, ameviringishwa blanketi mbili, meno yanagongana, na bwana wa wilaya alikwisha kutuma mtu kuulizia picha zake. Kwenye chupa dawa ilibaki ya kupima mara mbili tu. Fundi aliniagiza kupitia ukutani, taratibu, kama anayemwagiza mtu asiyesikia: pima moja, safisha za viongozi zote tatu, mwaga. Pima ya pili, safisha ya mzee peke yake, mwaga. Niliitikia. Nikafanya la kwanza kama nilivyoambiwa. Filamu tatu zikatoka safi, nyeusi panapotakiwa weusi, hata herufi za mabango zilisomeka kinyumenyume. Kisha nikasimama na kipimo mkononi mbele ya ile dawa ya mwisho.

Ninataka nieleweke hapa, maana nimejihukumu mara nyingi na kila mara hukumu inatoka tofauti. Sikumdharau yule mzee. Ningekuwa na dharau ningewapa viongozi ile ya chupa ya sharubati. Dawa iliyoiva, iliyokolea rangi, niliyoitunza wiki mbili kwa mikono yangu, nilimpa yeye kwa sababu niliamini ndiyo bora, na kwa sababu nilimwahidi mkewe. Pia nilitaka Fundi akipona akute dawa imebaki, anisifu. Hayo mawili yalikuwa pamoja kichwani mwangu na mpaka leo siwezi kuyatenganisha niseme lipi lilisukuma mkono. Nikamimina ile ya rangi ya chai. Nikazima taa. Nikatafuta kata kwa kidole, nikatumbukiza, nikavuta tasbihi mizunguko mitano, na kwa mapenzi nikaongeza wa sita.

Taa nilipowasha nilidhani nimesafisha kipande kisichopigwa picha. Kilikuwa cheupe kama kioo cha dirisha. Nilikigeuza, nikakifuta, nikakiinua kwenye mwanga, na hapo nikaona kivuli hafifu sana cha mtu aliyekaa, kama pumzi iliyobaki kwenye kioo. Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Sikuelewa. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa, hata zaidi ya sawasawa, na dawa ilikuwa imekolea, niliiona kwa macho yangu. Upande wa pili wa ukuta Mama Eliza alikuwa anamwambia mtu kwamba mwaka huu mambo hayaeleweki, nikaona ananisema mimi.

Nilimpelekea Fundi kitandani. Aliishika filamu kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu.

“Dawa ilikuwa na rangi gani?”

“Ya chai, Fundi.”

“Ya chai.” Akafumba macho. Nikamweleza habari ya chupa ya sharubati, na ya mtindi, na ya kipande cha karatasi kilichogeuka cheusi. Nililia. Hakunikemea. Alisema dawa hii ikishatumika mara moja nguvu yake imekwenda, na ile iliyobaki inakufa hewani, na rangi ya chai ndiyo maiti yake. Nilikasirika nikiwa bado nalia. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza hivyo tangu siku ya kwanza. Alifikiri, akasema, “Nilikwambia mwaga. Nilidhani inatosha.” Alipopata nafuu alijaribu kuichapa, karatasi baada ya karatasi, na zote zikatoka kijivu kitupu. Wiki hiyo hiyo dereva wa wilaya alileta habari kwamba watu wa upande ule wamehamishwa, na Mzee Mhina amefariki siku tatu kabla ya zamu yake ya kuhama. Fundi aliifunga filamu katika karatasi nyeusi, akanipa. “Nenda ukamwambie mwenyewe,” alisema.

Nilipanda basi mpaka Mkata, kutoka hapo lori, kutoka hapo miguu. Njia nzima nilipanga maneno. Bi. Mwantumu alikuwa katika eda, na mwenye eda hukaa ndani, lakini kijiji kipya hakikuwa na ndani. Nyumba yake ilikuwa miti na fito, bado haijakandikwa, ukisimama barabarani unaona mpaka upande wa pili. Basi wanawake wenzake walikuwa wamemtengenezea ndani. Walifunga mikeka na kanga kutoka mti hadi mti, wakaacha nafasi ya mtu kupita kwa kuinama, na humo alikaa, katika kaniki, miguu ameinyoosha, na jua la asubuhi linaingia kwa pembeni kupitia matundu ya mikeka. Nilisema shikamoo nikakaa. Nikampa pole. Maneno niliyoyapanga yalitoweka yote. Nikasema tu kwamba picha haikutoka, bibi, haikutoka vizuri, nikaifungua ile karatasi nyeusi ili aone mwenyewe kwamba hakuna kitu.

Aliichukua, akaiweka mapajani juu ya kaniki, akainama. Nilidhani analia. Kisha akasema, “Mbona fimbo kaishika kushoto?”

Niliinama naye. Juu ya kile kitambaa cheusi, kwa jua lile la pembeni, Mzee Mhina alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Si kivuli cha kinyume, weusi kuwa weupe. Yeye mwenyewe, kanzu nyeupe, uso wa kahawia, kofia, macho yakitazama kando. Filamu ile ilikuwa nyepesi mno hata weusi wa kaniki ulipita ukamkamilisha. Niliigeuza filamu upande wa pili na fimbo ikaja kulia. Bi. Mwantumu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekutwa. Aliinua filamu kutoka kwenye kaniki, mzee akapotea. Akairudisha, akarudi. Alifanya hivyo mara nyingi. “Hii haitundikiki,” alisema. “Amepata alichotaka.” Halafu akaniuliza kwa nini nilisema haikutoka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilinyamaza, naye akadhani ndivyo kazi ile inavyofanywa, au mimi nilidhani amedhani hivyo. Nikaondoka nikiwa nimeshiba uji wake na sijamwambia lolote. Niliporudi Korogwe, Fundi aliuliza kama nimemwambia. Nikajibu, “Nimempa.” Alinitazama, akarudi kwenye kazi yake. Miezi michache baadaye aliaga kwamba anakwenda upande wa Handeni siku mbili, akaondoka bila kamera, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sikuuliza. Mwaka ukaisha, nikaolewa, nikaacha studio. Maisha yangu yote nimeshindwa kujua nilifanya nini. Ningesafisha vizuri, mama yule angepata picha ya karatasi ambayo mumewe hakuitaka ikionekana na kila mtu. Nilikosea, akapata mume anayeonekana mapajani pake tu. Lakini sikukosea kwa ajili hiyo, na siwezi kudai sifa ya jambo ambalo hata sikulielewa. Na bado nilimdanganya mwenye eda.

Hayo yote nilimweleza Halima mpaka chai ikapoa. Halima ni nesi, anajua kusubiri. Nilipomaliza ndipo aliposema neno aliloagizwa. Alisema bibi yake alikuwa akiufungua mkebe kila Ijumaa asubuhi, mlango umefungwa, na siku za mwisho alipokuwa hawezi kuinuka alimwita yeye akamwambia hivi: “Mpelekee yule binti aliyetumia dawa ya rangi ya chai. Mwambie mimi nilimwona.”

Nilimuuliza maneno hayo ya rangi ya chai bibi aliyatoa wapi. Halima hakujua. Alidhani mimi ndiye niliyemwambia bibi. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu duniani, aliyekuwa amelala na homa, na mtu huyo alikufa kitambo na hakunitajia alikwenda kwa nani ile safari ya siku mbili ya Handeni, upande huo huo wa Kwamsisi. Kwa hiyo wote wawili walijua. Walijua tangu mwaka ule ule, wakaniacha. Nilikasirika kwanza, nakiri, nikasema kwa sauti kwamba wangeweza kuniambia. Kisha nikaanza kulia mbele ya mgeni.

Halima aliitandaza kaniki magotini pangu, akaiweka filamu juu yake, akafungua dirisha la upande wa mashariki. Kidole changu kilitafuta ile kata pembeni, chenyewe, bila kuambiwa, nikaigeuza mpaka fimbo ikaja kulia. Kigoda kipo. Kanzu ipo. Pale palipokuwa na uso pamelika kwa kupapaswa, pamekuwa peusi tupu, mviringo mdogo wa upana wa kidole gumba cha mwanamke.

“Unamwona?” Halima aliniuliza.

Nikamjibu ndiyo.